Mstari Niliofuta Kwenye Mashini ya Kupima Watoto

Nimeaibika leo mbele ya akina mama arobaini, na niliyewaita waje kutazama ni mimi mwenyewe.

Bado nina hasira. Sijui nimkasirikie nani, ndiyo maana naandika. Someni kwanza, halafu mtaniambia.

Kwa wale ambao hatujaonana tangu tumalize sekondari: siku hizi naitwa Mama Plamedi. Plamedi ana mwaka mmoja na miezi miwili. Universite sikufika. Kazi ya kompyuta nilijifunza kwenye laptop yenye kioo kilichopasuka, mtoto mgongoni. Sasa niko katika kikundi kidogo hapa Kisangani, tunatengeneza programu ya vituo vya afya. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto, programu inalinganisha na uzito wa mwezi uliopita, inasema ameongezeka au amepungua. Waliopungua wanaingia kwenye orodha nyekundu. Hao muuguzi hawaachii waende nyumbani mpaka awaangalie vizuri. Ni hiyo tu. Si ndege.

Programu imetembea kwenye laptop miaka miwili bila shida. Lakini laptop inakula kuran, yaani umeme, na kituo kimoja cha kule upande wa Bafwasende kuran hakina kabisa. Basi tukapata kisanduku. Kidogo kama kipande cha sabuni, kinatumia kuran kidogo sana, paneli moja ya jua inakitosha. Shida ni moja: prosesa yake si ya aina tuliyoizoea. RISC-V inaitwa. Hapa mjini sijaona mtu mwingine aliye nayo. Ukichukua programu ya laptop ukaiweka mule ndani jinsi ilivyo, haiamki hata. Lazima uijenge upya kwa ajili ya kisanduku, na ubadilishe faili ya mipangilio, ile inayosema programu ijengwe namna gani.

Hiyo faili nilipewa mimi. Mwezi mzima nimelala nayo, nimeamka nayo. Niliisafisha kama chumba cha mgeni. (Kumbukeni hilo neno, kusafisha. Ndilo limeniua.)

Sasa, kwetu kuna sheria. Hakuna anayeingiza mabadiliko peke yake. Lazima mtu mwingine asome mstari kwa mstari, kisha aweke jina lake chini kwamba amekubali. Msomaji wangu ni Tonton (ni kusema mjomba, kwa heshima) Assumani, fundi wa redio, mtu wa familia ya zamani ya wafanyabiashara hapa mjini. Huyu tonton anasoma mistari kama anayechambua mawe kwenye mchele. Anauliza swali moja. Halafu ananyamaza. Hicho kimya chake kinaniudhi kuliko matusi.

Leo saa sita mchana kisanduku kilitakiwa kupanda camion, lile lori la Bafwasende. Saa kumi na mbili asubuhi simu inalia. Tonton.

"Mama Plamedi, salama. Mustari wa 41 ulikuwa na neno -fsigned-char. Sasa hauko. Ulienda wapi?"

Nilikuwa namlisha Plamedi uji kwa mkono mmoja. Wiki iliyopita nzima mtoto alikuwa na malaria, sasa anatema kila kijiko. Nikajibu kwa kidole gumba.

"Nimeutoa."

"Juu ya nini?"

"Ni takataka, Tonton! Hakuna mutu anajua nani aliuweka. Nimeutoa, nimejenga upya, hakuna kitu kimebadilika."

"Ulijengea wapi? Kwa laptop ao kwa kisanduku?"

(Liangalieni vizuri hilo swali. Mimi sikuliangalia.)

"Kwote!" nikamwandikia. Na sikudanganya. Nilijenga kwote. Ila kuchungulia kama majibu ni yale yale nilichungulia kwenye laptop tu. Kwenye kisanduku niliona kimeamka, nikapiga kigelegele, nikaenda kufua.

"Na majaribio?"

Majaribio ni hesabu ndogo ndogo ambazo majibu yake tunayajua. Programu ikishajengwa inajipima nazo yenyewe, ikikosea inasema. Nikampigia picha ya kioo, nikamtumia. Kimeandikwa: Yaliyofeli, 0.

"Hata moja halikufeli!" nikaandika, na alama tatu za mshangao.

"Yalipita ngapi?"

Hapo damu ilinipanda. Nikabonyeza kinasa sauti, nikamwagia dakika mbili nzima, uji unapoa. "Tonton, unanizarau juu mi sikufika universite! Kama ingekuwa kijana wa kiume angeleta hii kazi ungeisha kukubali! Camion inaondoka saa sita! Bon, kama hauamini, kuya saa tatu kwa santre. Leo ni siku ya kupima batoto. Mutoto wangu mwenyewe njo atapimwa wa kwanza, mbele ya bamama bote, uone na macho yako!"

Baada ya dakika tano: "Bon. Nimekubali."

Na jina lake likatokea chini ya kazi yangu. Nilicheza ndombolo jikoni peke yangu. Plamedi akatema kijiko kingine.

Saa tatu niko kituoni. Nimevaa pagne mpya (kwa nini? kwa ajili ya mizani?). Akina mama wamejaa kwenye mabenchi, wanaimba ule wimbo wa kila siku ya kipimo, wa maharagwe na mboga na samaki. Hapa kwetu kuna desturi: mtoto akionekana ameongezeka, wote wanampigia makofi, na mama yake anasimama azunguke mara moja kama bibi harusi. Akipungua, hakuna anayesema neno. Muuguzi anamwita pembeni.

Mama Titulaire, ndiye muuguzi mkuu wa kituo, akanipa nafasi ya kusema. Nilisema maneno mawili matatu. Sawa, nilihutubia. Neno prosesa nililitaja mara sita. Niliwaambia, "Hii mashini haidanganyikaka." Tonton Assumani alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilimtazama yeye niliposema hivyo.

Plamedi akavuliwa nguo, akaingizwa kwenye ile suruali ya mizani, akaning'inia akilia. Mama Titulaire akasoma: kilo nane na gramu mia tisa. Mwezi uliopita ilikuwa kilo tisa na gramu mia moja. Nilijua amepungua. Malaria ile! Na nilikuwa nimejipanga. Mashini ingesema amepungua, jina la mtoto wangu lingeingia kwenye orodha nyekundu, na mimi ningetikisa kichwa polepole, kama mama asiyeogopa ukweli. Hata kutikisa huko nilikufanyia mazoezi nyumbani.

Mama Titulaire akaandika namba. Akabonyeza.

Kipaza sauti cha kisanduku kikafunguka. Sauti ni yangu, niliirekodi mimi mwenyewe kwa ajili ya akina mama wasiosoma: "Pongezi, mama! Mutoto anakomea, anaongezeka muzuri! Endelea kumulisha vile vile!"

Akina mama wakaanza kupiga makofi, kwa mazoea. Mimi nimeganda. Mama Titulaire akavaa miwani, akakisogelea kioo, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Plamedi ameongeza... kilo makumi mbili na tano... na gramu mia ine."

Makofi yakafa moja moja. Macho ya wote arobaini yakahama kutoka kwenye kioo hadi kwa Plamedi, anayening'inia na vimiguu vyake kama vijiti vya mishikaki.

Mama mmoja wa Yanonge, muuza samaki, mwenye sauti inayovuka mto bila pirogi, akauliza: "Kwa mwezi moja? Mama, unamulishaka nini?"

"Lituma, ndizi ya kutwanga!" mwingine akamjibu.

"Lituma gani? Huyu amemeza sac muzima ya muchele!"

"Na sac yenyewe! Mutazame vizuri, pengine kamba inatokea."

"Simama, mama, zunguka! Unazunguka sasa ao unangoja afike kilo mia?"

Kituo kikapasuka kwa kicheko. Kuna mmoja alikaa chini kabisa, sakafuni. Plamedi akaacha kulia awatazame, halafu naye akaanza kucheka. (Msaliti. Miezi tisa nilimbeba.)

Nikasema, "Ni virgule. Ile koma ya desimali tu imekosea."

"Virgule gani?" Mama Titulaire hakuwa anacheka. Alikuwa amefungua ukurasa mwingine. "Liste ya wekundu iko wapi? Mutoto huyu amepunguka, mimi mwenyewe nimeona pa mizani. Mashini inasema leo hakuna wa kuangalia. Hata moja."

Alilisema polepole, mimi na yeye tu tukasikia. Na lile ndilo lililonipiga kuliko vicheko vyote. Kwa sababu kilo ishirini na tano kila mtu anaona ni upuuzi. Lakini kule Bafwasende, muuguzi ana foleni mpaka barabarani, hana wakati wa kusoma kila namba. Angefungua orodha nyekundu, angeikuta tupu, angesema asante Mungu, angewaruhusu wote. Na yule aliyepungua angerudi nyumbani mgongoni mwa mama yake na pongezi za sauti yangu.

Nilitaka kulia. Lakini kulikuwa na kitu kinanikuna kichwani. Kwa nini 25,4? Mashini ikipata wazimu si ingesema namba yoyote? Kilo saba, kilo elfu! Kwa nini hiyo?

Nikageukia mabenchi. "Nani mwingine mutoto wake amepunguka?"

Wanavuta watoto wao chini ya vitenge.

"Sitaki kumucheka mutu! Nataka namba tu!"

Yule wa Yanonge akasimama. "Wangu aliharisha. Lakini usimupe kilo makumi mbili na tano, mama. Mi nitamubeba namna gani mpaka beach ya pirogi?"

Tukampima. Amepungua gramu mia moja. Kisanduku: ameongeza kilo 25,5. Pongezi, mama! (Niliziba kipaza sauti kwa kiganja. Sauti yangu ikatokea kati ya vidole.)

Mwingine, amepungua gramu mia tano. Kisanduku: kilo 25,1.

Mwingine ameongezeka gramu mia tatu. Kisanduku: gramu mia tatu. Sawasawa kabisa!

Donc, basi, wanaoongezeka kinawasema kweli. Waliopungua ndio kinawageuza. Na aliyepungua zaidi anapewa kidogo zaidi! Nikaomba biki, nikaandika mkononi, maana karatasi sikuwa nayo. Programu inahesabu kwa gramu mia mia. Moja, 255. Mbili, 254. Tano, 251. Akina mama wamesogea, wamenizunguka, wanataka kuona kwenye mkono wangu kuna nini. Nikasikia sauti juu ya bega langu.

"Jumulisha," Tonton anasema.

Moja na 255. Mbili na 254. Tano na 251. Zote tatu: 256.

Nywele zilinisimama. Nawaambia kweli, kwa sekunde moja nilisahau aibu yote. Ile namba inakaa kwenye kichumba kidogo chenye nafasi 256. Laptop, kwa tabia yake, nusu ya nafasi inaziwekea namba za chini ya sifuri, zile za kupungua. Prosesa ya kisanduku tabia yake ni nyingine: kichumba hicho kwake chini ya sifuri hakuna kitu. Ukishuka mbili chini, unazunguka, unatokea juu kabisa, 254. Na lile neno la mstari wa 41 kazi yake ilikuwa moja tu, kukiambia kisanduku: weka nusu kwa ajili ya waliopungua. Ndiyo maana nilipolitoa kwenye laptop hakuna kilichobadilika. Laptop haikuwa inalihitaji! Takataka, nilisema. Kwa alama za mshangao.

"Lakini nani aliweka huu mustari?" nikauliza. "Juu ya nini hakuandika pembeni ni wa nini?"

Tonton akazungusha kofia yake. "Ni mimi."

"Wewe?"

"Mwaka uliopita. Siku ya kwanza nilijaribu kisanduku."

"Sasa juu ya nini haukuniambia asubuhi?"

"Nilisahau ni wa nini. Nilikuuliza nikizani wewe unajua."

Fikirieni. Asubuhi nzima nadhani mtu ananipima, kumbe anauliza! Anauliza kweli kweli, kama mtu anayeuliza njia!

"Na sasa juu ya nini uliweka jina yako chini?" nilikuwa karibu kupiga kelele tena.

"Ulikuwa unapiga makelele kama mutu mwenye anajua," akasema. Halafu, taratibu: "Mama Plamedi, ile swali ya mwisho haukujibu. Majaribio yalipita ngapi?"

Nikafungua. Yaliyofeli, 0. Yaliyopita, 0.

Ah. Mniruhusu nieleze. Nyumbani kwangu kuran inakuja alfajiri, inakaa masaa mawili hivi, inaondoka. Kila mtu hapa anajua, ikija unafanya ya lazima kwanza: pasi, simu, maji kwenye pipa. Majaribio kwenye kisanduku yanataka masaa matatu. Hayakufika mwisho hata siku moja. Kwa hiyo wiki tatu zilizopita niliandika kwenye faili ile ile: majaribio yarukwe. Kwa muda tu! Nimalize kwanza ya lazima! Na nikasahau. Donc niliyempigia picha Tonton ni darasa ambalo hakuna aliyefeli kwa sababu hakuna aliyeingia.

Saa tano na nusu simu. Chauffeur wa camion.

"Mama, carton yako iko wapi? Mi singojaka mutu."

Nikapiga hesabu. Kurudisha mstari, dakika moja. Kujenga upya, dakika ishirini. Ningewahi. Kingepanda, kingeondoka, na hapa hakuna ambaye angejua kwamba hakikujaribiwa. Na kule muuguzi anakingojea tangu mwanzo wa mwezi, nilimwahidi mimi. Nikamtazama Tonton anisaidie. Anaitazama kofia yake. (Safari hii nadhani alikuwa ananiogopa.)

"Carton haitoke leo," nikamwambia chauffeur. "Endeni."

"Mama, nafasi nilikuwekea pembeni yangu! Mule mbele!"

"Weka mutu."

Akakata. Nikampigia muuguzi wa Bafwasende, nikamweleza. Sikumficha kitu, hata kilo ishirini na tano. Akauliza:

"Donc niendelee na kalamu?"

"Endelea na kalamu, mama. Juma ijayo, kama majaribio imepita yote."

"Hakuna shida. Kalamu yangu inajuaka kupunguza."

Sijui kama alikuwa ananifariji au ananicheka. Mpaka sasa sijui.

Tukaunganisha kisanduku kwenye paneli ya kituo, jua kali, mimi nimekaa chini na pagne yangu mpya. Nikarudisha mstari wa 41. Pembeni yake nikaandika maelezo marefu kuliko faili yenyewe. Nikajenga upya, nikawasha majaribio. Yakiwa yanaendelea, nikajaza tena namba za asubuhi, na orodha nyekundu ikaamka: majina matatu, Plamedi wa kwanza. Mama Titulaire akatuita pembeni, bila neno, kama desturi. Akamwangalia macho, viganja, tumbo. Akanipa dawa na maneno makali kuhusu uji wangu, kwamba ni mwepesi mno. Nilistahili. Nikatikisa kichwa, na si kwa namna ile niliyoifanyia mazoezi.

Saa tisa yakaisha. Majaribio sitini na manne. Yamepita sitini na moja.

Tatu yamefeli.

Tatu! Mambo ambayo sikuwahi hata kuyasikia! Moja linasema mtoto aliyezaliwa tarehe ya mwisho ya mwezi hana umri. Tonton akainama, akavaa miwani, akauliza kama kawaida yake: "Hii nayo, juu ya nini?"

Na mimi, pamoja na aibu yote ile, na njaa, na mtoto analala mapajani, nikasogea karibu. Nilitaka kujua. Tuko nalo hilo jaribio mpaka sasa, ananiandikia hapa pembeni kwenye simu.

Akina mama wa kituo wamekwisha kunibatiza jina la zile kilo ishirini na tano, hilo nalijua. Yule wa Yanonge ameuza jina langu soko zima pamoja na samaki. Ninyi mnielewe tu. Ila kama kuna mtu ataweka hapa chini hata uso mmoja wa kucheka, kipimo kinaanza saa tatu asubuhi: aje, nitamning'iniza kwenye ile suruali mimi mwenyewe, na nitamsomea namba yake kwa kipaza sauti.